Mwaka Niliochunga Barafu

Mwezi uliopita nilikwenda kununua godoro, nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja wa barafu. Wameufunga. Pale chini kabisa ya lile jumba la maduka la upande wa kaskazini, ambapo zamani ukishuka ngazi ulipigwa na baridi usoni kama umefungua friji ya buchani, sasa kuna magodoro mamia kwa mamia, yamepangwa hadi kule yalikokuwa magoli ya watoto wa hoki. Kijana muuzaji akaniambia, "Lala tu, mama, ujaribu." Nikalala. Juu niliziona taa zilezile, na bomba lilelile lililokuwa likidondosha matone na kuotesha chunusi juu ya barafu kila Jumatatu, chunusi ambazo nilizikwangua kwa koleo nikiwa msichana. Nilipopima kwa macho, niligundua kwamba nimelala mahali hasa alipokuwa akianguka Ligaya. Kijana akauliza kama ni laini. Nikamwambia kwa kulinganisha na zamani, pamelainika sana.

Sitasimulia habari za kwetu Tabora, wala kwa nini niliacha shule kidato cha pili. Walio hai wanaijua habari hiyo na kila mmoja ana yake. Inatosha kusema mimi ni mtu ambaye akiona basi limewasha injini hutaka kujua linakwenda wapi, na mara nyingi nimejua kwa kupanda. Ndivyo nilivyofika Johannesburg nikiwa na miaka ishirini na minne. Kabla ya barafu nilikuwa nimeuza mikanda Fordsburg, nimekaa kaunta ya spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, nimeosha nywele za watu saluni, na hakuna kazi iliyonikalisha miezi saba. Si kwamba nilifukuzwa. Nikishajua kitu kinavyokwenda, miguu huniwasha. Uwanjani niliingia kupeleka mzigo wa taulo, nikamkuta mwanamume aitwaye Vusi anaendesha kitu kama trekta juu ya barafu, polepole, akiacha nyuma yake njia inayong'aa kama kioo. Nikasimama mpaka akamaliza. Nikamuuliza, "Kaka, unajuaje kama imeiva?" Vusi akazima mashine, akanitazama, akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wiki iliyofuata nilikuwa na koti la kazi na mabuti ya mpira.

Nilikuwa nikifikiri barafu ni barafu. Kumbe ni kama ugali, kila mtu anautaka wake. Watoto wa hoki waliitaka ngumu, kavu kama sahani. Wale wanaocheza kwa muziki, wa kuruka na kuzunguka, waliitaka ilegee kidogo ili chuma cha kiatu kishike wakati wa kutua. Kwa hiyo kati ya kundi moja na jingine tuliipandisha joto kidogo na kuipaka maji ya moto. Ndiyo, ya moto. Barafu nzuri hupakwa maji ya moto, yanatandaa vizuri na kuziba mikwaruzo, na hiyo ni habari niliyoisimulia Turffontein nzima, mtaa niliokuwa nikiishi, mpaka watu wakaanza kuvuka barabara wakiniona. Mama mwenye nyumba yangu ndiye aliyenivumilia. Aliitwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuita watu walioko mtaa wa pili. Sebule yake ilikuwa karakana: vyerehani viwili, pasi ya makaa aliyoipenda kuliko ya umeme, na marundo ya vitenge hadi dirishani. Chumba changu kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya jiko, chenye ukuta mwembamba kiasi kwamba Alhamisi, kwaya ya akina mama ilipofanya mazoezi jikoni, nililala nikajikuta ninaimba sauti ya tatu. Mimi ni Mwislamu, tena wa Tabora. Hakuna aliyejali, ilimradi niishike noti.

Ligaya alitokea mwezi wa pili wa kazi yangu. Alikuwa na miaka ishirini, mdogo wa umbo, nywele amezikaza nyuma hadi nyusi zake zilionekana zimeshtuka. Amezaliwa Marekani kwa wazazi Wafilipino, na alikuja Johannesburg kwa sababu mama yake alipewa mkataba wa kazi huko Sandton. Mtelezaji asiye na mfadhili huufuata mshahara wa mama yake popote unapokwenda. Kiingereza chetu kilikuwa cha nchi mbili tofauti lakini tuliongea tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi niliuliza na yeye alipenda kuulizwa. Aliniita Ate Zena. *Ate* kwao ni dada mkubwa. Akaniambia kwamba Marekani wasichana wanaoweza kuruka na kuzunguka mara tatu hewani ni wengi kama wauza vocha, na kwamba yeye kila mwaka alikuwa akishuka nafasi mbili. Nchi ya wazazi wake ilikubali ateleze chini ya bendera yake. Likabaki sharti moja la mchezo wenyewe: ili uingie mashindano ya dunia, lazima kwanza ufikishe alama fulani katika mashindano ya kimataifa. Alikuwa amejaribu mara mbili, amekosa mara mbili. Nafasi ya tatu ingekuwa palepale uwanjani kwetu mwezi wa kumi, katika mashindano madogo ambayo washiriki wake wangeenea kwenye teksi tatu. Baada ya hapo muda wa mwaka ule ungefungwa, na kabla ya mwingine kufunguka mkataba wa mama yake ungekuwa umekwisha. "Nikikosa hapa, Ate," alisema akifunga kamba za viatu, bila huzuni, kama mtu anayesoma ratiba, "natundika viatu."

Tatizo lake lilikuwa pumzi. Johannesburg iko juu sana. Mgeni hupanda ngazi mbili akatafuta kiti. Mchezo wake mrefu ulikuwa wa dakika nne. Dakika ya kwanza alikuwa malaika, ya pili malaika, ya tatu mtu aliyekimbiza basi, na ya nne mtu aliyelikosa. Mruko wa mwisho, wa mizunguko mitatu, aliumaliza kwa makalio. Kila siku, mahali palepale, karibu na mlango wa trekta. Kocha wake alikuwa bibi wa Kiafrikana aliyepita miaka sabini, Tannie Hester. *Tannie* ni shangazi, nao huwaita hivyo wanawake wote waliowazidi umri. Alisimama pembeni ndani ya koti la ngozi ya kondoo na chupa ya chai, na mafunzo yake yote yalikuwa maneno mawili: "Simama. Tena." Mimi nilifuata na ndoo yangu ya theluji na maji, nikiziba shimo. Siku moja nilimuuliza Ligaya anawaza nini akiwa hewani. Alifikiri kweli. "Nawaza kwamba Ate Zena ndiyo kwanza ameparekebisha pale."

Katikati ya majira ya baridi nguo yake ya mashindano ikachanika mgongoni. Kuagiza nyingine Marekani kungechukua muda ambao hakuwa nao, nami nikasema bila kufikiri, "Ninamjua fundi." Mama Furaha alikuwa hajawahi kushona kitu kisichofika mita tano. Aliinua ile nguo kwa vidole viwili. Ilikuwa ya bluu, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa koti, na mgongo wote ni wavu wa rangi ya mwili.

"Njo nini hii, Zena? Soksi?"

"Ni gauni, mama."

"Ya mutoto wa miaka ngapi?"

"Ishirini."

Akaigeuza. Akapitisha mkono ndani, akautazama mkono wake kupitia wavu. "Na hapa nyuma kuna kitambaa ao hakuna?"

"Kipo, mama. Kina rangi ya mwili ili kisionekane."

"Kwa hiyo amevaa."

"Amevaa."

"Lakini amevaa ili batu baone hakuvaa."

"Ndivyo."

"*Vraiment*, kweli," akasema Mama Furaha, akaketi. "Basi kitambaa cha watu kilikosea nini?"

Lakini fundi ni fundi. Jumamosi tulikwenda Fordsburg, sisi watatu, tukaingia duka la vitambaa na kuomba wavu wa rangi ya mwili. Mwenye duka akatandaza wa waridi, mithili ya mtoto wa nguruwe. Mama Furaha akauliza, "Mwili wa nani?" Yule baba aliutazama mkono wake, akautazama wa Mama Furaha, akautazama wa Ligaya, nikaona akiutazama na wangu kwa matumaini. Miili minne, pande zote mbili za kaunta, na hakuna hata mmoja uliokuwa rangi ya mwili. Tukanunua mweupe, tukaurudisha nyumbani, na Mama Furaha akauchemsha kwenye sufuria ya chai ya rangi, akiutoa kila baada ya dakika chache na kuupima kwenye bega la Ligaya kama mtu anayeonja mchuzi. Mpaka leo nikinywa chai nzito huikumbuka rangi ya bega lile.

Siku hiyo ndiyo Ligaya alipoingia nyumba ile kwa mara ya kwanza, na salamu yake iliacha hadithi iliyosimuliwa kwaya nzima. Alipofika asubuhi, kabla hatujatoka kwenda Fordsburg, aliinama mlangoni, akauchukua mkono wa Mama Furaha, akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe. Mama Furaha akanigeukia ameshtuka. "Zena! Mutoto ana homa? Anataka nimupime?"

"Ni shikamoo yao, mama. Ndivyo wanavyowaamkia wakubwa."

"Aaa." Uso ukamtulia. Na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari kichwani, akaona si vizuri uondoke bure, akamwombea. Alimwombea kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kimashi, lugha ya kwao, kwa ajili ya mambo mazito, na Ligaya akabaki ameinama muda wote huo, miguu ikimtetemeka, akiamini ndiyo desturi ya huku. Baadaye alinong'ona, "Ate, kila mara inakuwa ndefu hivi?" Tuliporudi Fordsburg tukala. Kulikuwa na makayabu, yaani samaki mkavu wa chumvi, sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na wali. Ligaya alinusa yule samaki na machozi yakamlenga. Akasema bibi yake alikuwa akikaanga samaki wa namna hiyo asubuhi, na majirani Wamarekani walikuwa wakiita zimamoto. Alikula kwa mkono bila kufundishwa. Akina mama wa kwaya, waliokuwa wamekuja kuona wavu unavyochemshwa, walimtazama mpaka alipoomba kuongezewa, na kuanzia hapo hakuwa mgeni tena. Alirudi kila Alhamisi. Hakujua neno hata moja la nyimbo lakini alijua kupumua wakati wanapopumua, na hilo Mama Furaha alilisifu zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimekuwa nikilizunguka kama trekta. Alhamisi ya mwisho kabla ya mashindano akina mama waliamua kwenda kumtazama, kumi na mmoja wao, kwa sare mpya ya mwaka ule, kitenge cha njano chenye tausi. Wakanihoji jikoni. Kule watu hukaa ama husimama? Hukaa. Kuna kuimba? Hakuna. "Alors," akauliza Mama Furaha, "mutoto akifanya vizuri, batu banamuheshimu namna gani?" Nikajibu kwamba watu humrushia zawadi juu ya barafu: maua, vidoli, vitu laini. Wakaangaliana, wakaelewana. "Sisi tutatandika vitenge." Nikasema vizuri. Kweli nilisema vizuri, tena mdomo umejaa sombe. Nilichosahau kusema ni lini.

Nimejitetea miaka mingi kwa jambo hili na bado najitetea. Isingeweza kunijia akilini, kwa sababu hata mimi kwetu sijawahi kuona mtu akingoja. Bibi harusi hutandikiwa kanga akiwa anatembea, si akishafika. Mwimbaji wa kwaya akiupandisha mstari mmoja ukakaa pale unapotakiwa, papo hapo kuna mwanamke ameshainuka kumfuta jasho, mwingine ametandika kitenge miguuni pake, na wimbo unaendelea. Kungoja mtu amalize ndipo umsifu ni kazi ya mazishi. Niliishi mwaka mzima kando ya barafu nikiona maua yakirushwa mwisho, na jicho langu liliyaona maua, halikuuona mwisho.

Siku yenyewe ukumbi haukujaa hata robo. Wazazi walijifunika mablanketi; upande wa pili walikaa tausi kumi na mmoja wanaotetemeka. Sehemu ya kwanza, ile fupi, Ligaya alikuwa ameipita jana yake. Ilibaki ndefu. Mimi na Vusi tulisimama mlangoni mwa trekta na ndoo zetu. Nguo ya bluu ilikaa mwilini kama iliyozaliwa naye, na kwa mbali mgongo ulionekana mtupu kabisa, nikasikia Mama Furaha akimwambia jirani yake kwa fahari, "Iko kitambaa pale. Nilichemusha mimi mwenyewe." Dakika ya kwanza, malaika. Ya pili, malaika. Ya tatu ikaanza, nikaona mdomo wake umefunguka, mabega yamepanda, nikajua tunaelekea kwenye shimo letu. Kabla ya shimo kulikuwa na mruko wa mitatu unaofuatwa mara moja na wa miwili. Akaruka. Akatua. Akaruka tena, akatua kwa mguu mmoja, mikono imefunguka, kama mtu anayeweka yai mezani. Nikasikia kigelegele. Kisha nikaona kitu cha njano kikipita hewani juu ya kichwa cha Vusi, kikifunguka polepole, tausi wote wametanua mikia.

Cha kwanza kilitua mbele yake, akakipita kwa ncha, chuma cha kiatu kikakichana pindo. Cha pili, cha tatu. Cha nne akakiruka, mruko ambao haumo katika kitabu chochote cha mchezo ule. Filimbi ikalia, muziki ukakatwa, na katika ule ukimya nikatambua kwamba kazi ya kuondoa vitu kwenye barafu ni yangu. Nikakimbia na mabuti yangu. Kitenge chenye joto la mwili wa mtu kikikaa kwenye barafu hunata, nilikuwa nikikivuta hiki huku kile kinaganda, na juu ya yote hayo sauti ya Mama Furaha ikanijia kutoka kwenye viti: "Zena! Usiokote! Acha akanyage kwanza!" Vusi alikuwa amepiga magoti anacheka au analia, sijui. "Eish, Zena," alikuwa akirudia. "Eish, eish." Pembeni, Ligaya alikuwa ameegemea ukingo, uso mwekundu, akivuta hewa kama anayekunywa. Tannie Hester alimshika mabega. Siku hiyo alikuwa na neno la tatu. "Pumua," alisema. "Usimtazame mtu. Pumua."

Kanuni ni kwamba mchezaji akikatizwa kwa sababu isiyo yake, huendelea kutoka pale alipokatizwa. Barafu ikasafishwa, muziki ukarudi, na Ligaya akaiingia dakika ya nne akiwa na pumzi ambayo hakuwahi kuwa nayo mahali pale tangu aje Johannesburg. Akaja kwenye kona yetu. Akaruka. Mmoja, miwili, mitatu. Akatua, akapita mbele yangu akirudi kinyumenyume, na ninaapa alikuwa na sura ya mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta si chake. Alama zikatangazwa. Alikuwa amevuka, kwa nukta kidogo hivi, kiasi cha ukucha.

Tulishangilia kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai. Baba wa msichana mwingine, mtu wa suti, akapeleka malalamiko: Ligaya amepewa mapumziko makusudi na watu wake. Tukaitwa ofisini, kachumba ambako tulihifadhi glavu zilizopotea, na mbele ya boksi la glavu alikaa refa, mzee mwembamba kutoka Ulaya mwenye miwani kwenye kamba. Alisema waziwazi: ikiwa ilipangwa, alama zinafutwa. Ligaya alisimama ukutani na koti juu ya nguo yake. Hakunitazama.

"Nani aliwaambia wale akina mama warushe vitambaa?"

"Mimi," nikasema. Tannie Hester akafumba macho.

"Wewe unafanya kazi hapa. Ulijua mchezaji huyu huishiwa pumzi dakika ya tatu?"

"Najua. Ninaziba shimo lake kila siku."

"Na unajua kitu kikianguka kwenye barafu, mchezo husimama."

"Najua."

Nimevuka mipaka minne kwa maneno ya uongo yaliyonyooka kama rula, na siku ile kila jibu la kweli lilikuwa likimzamisha Ligaya. "Kwa hiyo ilipangwa," akasema baba wa suti.

"Haikupangwa. Nilisahau kuwaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Amalize."

"Nani duniani hajui kwamba mtu hungojwa amalize?"

"Sisi," nikasema. Nilikuwa na ujinga halisi, wa asili, usiochanganywa na kitu, na hakuna aliyetaka kuuamini. Ndipo mlango ukafunguka bila kubishwa, akaingia Mama Furaha amejifunga blanketi la mtu. Refa akajaribu Kiingereza, yeye akamjibu kwa Kifaransa, na kumbe Kifaransa kilikuwa lugha ya refa ya kuzaliwa. Mimi nilishika nusu. Nusu nyingine Mama Furaha alinieleza baadaye, kwa kujipendelea.

"Bibi, kwa nini hamkungoja mwisho?"

"Uzuri aliufanya pale. Kwa nini niupeleke mwisho?"

"Lakini mwishoni ndipo watu hupongeza."

"Mwishoni kila mtu hupongeza, hata aliyekuwa amesinzia."

Refa akavua miwani. "Mlimsimamisha, bibi. Mlimpumzisha."

"Sisi?" Mama Furaha akasogea hadi mezani. "Baba, sisi hatukumsimamisha mtu. Aliyepiga filimbi ni wewe. Sisi tulikuwa tunangoja akanyage, aendelee."

"Akanyage? Na vile viatu?"

Mama Furaha akatoa kitenge kutoka ndani ya blanketi, akakitandaza juu ya kitabu cha refa. Kilikuwa kibichi, na tausi mmoja alikuwa amekatwa shingo kwa mkato safi kama wa wembe. "Hii ni sare ya mwaka huu," akasema. "Hatujaivaa hata Jumapili moja." Refa alipitisha kidole kwenye mkato ule. Alimtazama baba wa suti, akanitazama mimi na mabuti yangu, akamtazama tena tausi. Kisha akasema, kwa Kiingereza ili wote tusikie, "Hakuna mtu anayeweza kupanga kitu kama hiki." Akafunga kitabu. Alama zikabaki.

Mimi nilipewa barua ya onyo, barua pekee mpaka leo iliyowahi kuandikwa majina yangu yote matatu bila kosa. Lakini Ligaya hakufurahi. Alhamisi alikuja jikoni, akakaa mbele ya sahani. "Kila mahali wataniuliza," alisema. "Nitasema nini? Zile pumzi hazikuwa zangu." Nikatafsiri. Mama Furaha aliendelea kuchambua sombe. "Muulize, aliyeruka alikuwa nani? Mimi?" Nikatafsiri. Ligaya akatabasamu nusu, akala nusu. Kwa wiki zilizobaki aliruka ule mruko kila asubuhi, kwa muziki wote, bila kukatizwa, na kila asubuhi nikamfuata na ndoo. Alitua mara mbili tu. Kisha akaondoka, na mwezi wa tatu akaenda kwenye mashindano ya dunia katika mji wa pwani, na sisi tukangoja.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Alhamisi, kwaya imekaa, wali mezani. Niliusoma kimya kwanza, kwa woga. Kisha kwa sauti: *Ate, siku ya kwanza tu, sikufuzu kwenda ya pili. Nimekuwa wa thelathini na moja. Lakini ule mruko, niliouweka mwisho wa sehemu fupi, nilitua. Bila vitenge.*

Mmoja wa akina mama akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Thelathini na moja ni mbaya sana?"

Nikasema walikuwa thelathini na tano.

"Thelathini na tano ya wapi?" akauliza Mama Furaha.

"Ya dunia nzima, mama."

Akaweka mwiko chini. "Dunia yote? Na Wachina ndani?"

"Na Wachina ndani. Na Warusi."

"Zena. Mimi kwa kitu gani niko wa thelathini na moja wa dunia yote? Kushona? Kupika?" Akatutazama mmoja mmoja, na sisi mmoja mmoja tukatafuta ndani yetu, hatukupata kitu. "Mutoto alikula hapa. Kwa ile kiti." Ndipo kigelegele kikatoka, wakainuka wote kumi na mmoja, mimi wa kumi na mbili, wali ukaachwa unapoa, tukatoka hadi barabarani tukiimba. Jirani, mzee wa Kireno aliyekuwa akimwagilia mti wake, akazima bomba na kuuliza nani anaolewa. Mama Furaha akanisukuma mbele nimweleze kwa Kiingereza. Nikamwambia hakuna anayeolewa. Binti yetu amekuwa wa thelathini na moja. Mzee akalifikiria jambo hilo kwa heshima zote.

"Kati ya wangapi?"

"Kati ya watu wote," nikasema, akavua kofia yake.